Lita 200, siagi kilo 6: mafuta ya maziwa yalipotelea wapi?

Usuli

Kisa hiki ni cha kikundi cha wanawake wafugaji katika wilaya moja ya baridi, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Majina ya kikundi, kijiji na wanunuzi nimeyaacha, na mambo machache yanayoweza kuwatambulisha wahusika nimeyabadilisha.

Ng'ombe wao wengi ni chotara wa Friesian, wachache ni Ayrshire. Maziwa ya jioni hulala nyumbani kwenye ndoo au keni ya alumini, na asubuhi huletwa kituoni pamoja na yaliyokamuliwa alfajiri. Siku za kutengeneza siagi kikundi hutenga lita 200. Maziwa hupita kwenye separeta ya kuzungusha kwa mkono: krimu huenda kwenye pipa la kusukia, na maziwa yaliyoenguliwa hugandishwa kuwa mtindi wa kuuza sokoni na shuleni. Siagi huchukuliwa na hoteli moja mjini na mwoka mikate mmoja.

Wakati wa kiangazi lita 200 zilikuwa zikiwapa siagi kilo 9, mara nyingine zaidi kidogo. Masika yalipokolea zikashuka hadi 6. Siagi yenyewe ikawa laini, inang'ang'ania mkononi, na hoteli ikaanza kuirudisha. Mwenyekiti aliponiita alinipa swali ambalo bado nalitumia kila ninapofundisha: "Mwalimu, lita ni zile zile, ng'ombe ni wale wale. Siagi yetu imekwenda wapi?"

Yaliyotokea kabla sijafika

Kamati ilikuwa na jibu lake tayari: wanachama wanatia maji. Masika kila mtu ana maji mlangoni, na bei ya lita haiangalii kilichomo ndani. Wakaanza kupima kila keni kwa laktomita, kifaa kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na wa maji, na atakayesoma chini ya 1.028 arudi na maziwa yake.

Karibu keni zote zilipita, nyingi zikisoma kati ya 1.029 na 1.031. Mwanachama mmoja alikuwa akisoma 1.033 mara kwa mara, na kamati ikamtaja kikaoni kuwa mfano wa kuigwa. Mwingine, mama mjane mwenye ng'ombe mmoja, alisoma 1.027 asubuhi mbili, akarudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Baada ya hapo aliacha kuleta.

Siagi haikuongezeka hata robo kilo. Ndipo kikundi kikaanza kugawanyika: walio karibu na kituo wakiwashuku walio mbali, walio mbali wakimshuku kijana wa separeta, na kijana akilalamikia mashine.

Siagi inatoka kwenye nini

Kabla ya kugusa chombo chochote niliomba kikao cha saa moja, maana watu walikuwa wanagombania kitu ambacho hawakuwa wamekiangalia kwa karibu.

Mafuta ya maziwa hayakuyeyuka ndani ya maziwa kama sukari kwenye chai. Yamo kama matone madogo sana, mengi yakiwa na upana wa mikromita 1 hadi 10, na kila tone limevikwa utando mwembamba wa protini na mafuta ya aina nyingine. Utando huo ndio unaoyazuia matone kuungana. Kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, maziwa ya ng'ombe yakitulia usiku kucha matone hupanda na kutengeneza malai. Separeta hufanya kazi hiyo hiyo kwa dakika chache kwa nguvu ya mzunguko, jambo ambalo Gustaf de Laval wa Uswidi alilifanikisha mwaka 1878.

Kusuka ni kuvunja utando huo. Krimu ikipoa vya kutosha, sehemu ya mafuta ndani ya kila tone huganda na kuwa fuwele, na sehemu hubaki majimaji. Pipa likizunguka, matone hugongana, fuwele hutoboa utando, na mafuta yaliyo majimaji hugundisha tone na tone. Hewa inayoingia husaidia kuyakusanya. Mwisho mambo hupinduka: krimu ilikuwa mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, siagi ni maji yaliyotawanyika ndani ya mafuta.

Kwa hiyo pipa halizalishi mafuta wala separeta haiyaongezi. Yaliyoingia asubuhi kwenye keni yatatokea mahali pamoja kati ya matatu: kwenye siagi, kwenye maziwa yaliyoenguliwa, au kwenye maziwa yanayobaki pipani siagi ikishatoka. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka siagi iwe na mafuta asilimia 80 au zaidi, na maji yasizidi asilimia 16. Ukijua uzito wa siagi unajua kwa kukadiria mafuta yaliyomo, na yaliyopungua una haki ya kuyatafuta kwenye ndoo nyingine mbili.

Ndiyo maana sikuanza na watu. Nilianza na ndoo.

Tulichopima

Nilikwenda na kifaa cha Gerber, njia ya kupima mafuta iliyosajiliwa Uswisi mwaka 1891. Ndani ya chupa ndogo ya kioo yenye shingo iliyopigwa mistari, yaani butiromita, unaweka mililita 10 za asidi ya salfuriki, kisha maziwa karibu mililita 11, kisha mililita 1 ya alkoholi ya amili. Asidi huyeyusha protini, utando ukiwemo, na mafuta yanabaki bila nguo. Ukizungusha chupa kwenye sentrifuji na kuiweka kwenye maji ya nyuzi joto 65, mafuta husimama shingoni kama ukanda wa rangi ya asali, unayasoma kwa asilimia. Wanawake wale walipoona ukanda huo kwa mara ya kwanza kikao kilinyamaza. Mafuta ambayo walikuwa wakiyabishania kwa wiki kadhaa yalikuwa mbele ya macho yao, na yana mistari ya kuhesabia.

Maziwa yaliyochanganywa ya siku hiyo yalisoma asilimia 3.3. Lita 200 ni kama kilo 206, kwa hiyo mafuta yaliyoingia yalikuwa kilo 6.8. Hapo hapo sehemu ya jibu ilionekana, kwa sababu siagi kilo 9 inahitaji mafuta zaidi ya kilo 7. Kiasi hicho hakikuwepo tangu mlangoni.

Maziwa yaliyoenguliwa yalisoma 0.7. Separeta nzima, inayozungushwa vizuri na kupewa maziwa ya uvuguvugu, huacha karibu 0.1 au chini yake. Kwa kilo 185 za maziwa yaliyoenguliwa, mafuta kilo 1.3 yalikuwa yanakwenda kwenye mtindi.

Maziwa yaliyobaki pipani yalikuwa meupe mazito, ukichovya kidole unaona mafuta yamebaki ukuchani. Yalisoma karibu asilimia 5, wakati ambapo hayakupaswa kufika hata 1. Kama kilo 0.7 nyingine hiyo. Kinachosalia ni mafuta kilo 4.8, ambayo ni siagi kilo 6. Hesabu ilifunga. Hakuna aliyeiba siagi.

Kisha tukapima keni moja moja. Yule wa 1.033, mfano wa kuigwa, alisoma mafuta 2.4. Yule mjane, ambaye niliomba tumfuate nyumbani kwake, alisoma 4.6.

Sababu, moja baada ya nyingine

*Joto la maziwa kwenye separeta.* Kiangazi maziwa ya alfajiri yalifika mapema na kupitishwa yakiwa bado na joto la ng'ombe. Masika barabara ziliharibika, bodaboda za vijiji vya mbali zikafika saa nne, na maziwa yakaingia kwenye mashine yakiwa na nyuzi 17. Kuni mbichi zilikuwa ghali kuzikausha, kwa hiyo hakuna aliyeyapasha. Separeta inataka nyuzi 35 hadi 40: maziwa baridi ni mazito, na tone la mafuta haliwahi kujitenga kabla halijasukumwa nje. Juu ya hilo, kijana alikuwa anazungusha polepole kila alipochoka. Mkono wa mashine yao una kengele inayoacha kulia mwendo ukitosha, lakini kengele ilikuwa imefungwa kitambaa kwa sababu ya kelele.

*Joto la krimu.* Zamani krimu ililala usiku kwenye beseni la maji ya chemchemi. Hoteli ilipotaka siagi ifike siku hiyo hiyo, kikundi kikaanza kusuka mchana, chumba kile kile chenye jiko, krimu ikiwa na nyuzi 19. Kwa joto hilo fuwele ni chache mno. Matone hugongana yakiwa majimaji, mengine huungana ovyo, mengine hupasuka kuwa madogo zaidi na kuondoka na maziwa yanayobaki pipani. Ndiyo siagi ile laini, na ndiyo ile ndoo nyeupe. Krimu ya ng'ombe ikisukwa kati ya nyuzi 10 na 13, baada ya kulala kwenye baridi usiku kucha, huvunjika vizuri. Ikiwa baridi kupita kiasi nayo ni tatizo, kwa kuwa mafuta yote yakiwa magumu hakuna cha kuyagundisha, na utasuka hadi mabega yafe ganzi. Wafugaji wanaosuka maziwa ya mgando kwa kibuyu, iwe Umasaini au Karagwe, huwahi kazi hiyo asubuhi kabla jua halijakolea. Wanalijua jambo hili bila kipimajoto.

*Maziwa ya mwisho.* Ng'ombe anapokamuliwa, maziwa ya kwanza huwa na mafuta kidogo, mara nyingi asilimia 1 au 2, na yanayotoka mwisho kabisa yanaweza kupita 8. Wanachama wengi waliacha kukamua mapema ili ndama amalizie, kwa kumwonea huruma. Nia yao njema. Lakini ndama alikuwa anakunywa krimu na kikundi kinaletewa maziwa mepesi ya mwanzo. Masika, ndama wengi walikuwa wamezaliwa karibuni, hivyo nyumba nyingi zilifanya hivyo kwa wakati mmoja.

*Chakula cha ng'ombe.* Karibu nusu ya mafuta ya maziwa hutengenezwa ndani ya kiwele, hasa kutokana na asidi ya asetiki inayotokana na nyuzinyuzi zinazochachushwa tumboni. Nyasi changa za masika zina maji mengi na nyuzinyuzi chache, na waliokuwa na fedha waliongeza pumba badala ya majani makavu. Maziwa yanaongezeka lita, mafuta yanashuka asilimia.

*Malai ya nyumbani.* Kwa mwanachama wa 1.033, maziwa ya jioni yalilala kwenye ndoo, na asubuhi malai ya juu yalienguliwa kwa ajili ya chai na uji wa watoto. Hakuficha. Aliona ni haki ya nyumba, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hicho ndicho kikundi kinachonunua. Laktomita ikampongeza kwa sababu inapima uzito tu. Mafuta ni mepesi. Ukiyatoa, maziwa yanakuwa mazito na usomaji unapanda. Mtu mwingine akitoa malai kisha akatia maji kidogo, usomaji hurudi palepale panapotakiwa. Kwa yule mjane ilikuwa kinyume. Mafuta mengi yalivuta usomaji chini, na tulipouliza zaidi ikaonekana alikuwa akipimwa wa kwanza, maziwa yake yakiwa bado na joto la kiwele, ambayo nayo hushusha laktomita. Chombo hicho hutakiwa kusomwa maziwa yakiwa na nyuzi 20 au kusahihishwa kwa jedwali.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza halikuwa la kitaalamu. Mwenyekiti na makamu wake walikwenda kwa mjane jioni ile ile, wakaomba radhi na kumlipa maziwa ya asubuhi mbili zilizorudishwa. Nililisisitiza kabla ya kuzungumzia joto wala kuni, kwa sababu kikundi kisichoaminiana hakitafuata kipimo chochote.

Kwenye separeta uamuzi ulikuwa mwepesi: maziwa yote yapashwe kwa sufuria ndani ya maji ya moto hadi nyuzi 38, kengele ifunguliwe, na kijana apate mwenzake wa kupokezana. Kuni zilileta ubishi. Tulikubaliana kwa hesabu: mafuta kilo 1.3 kila siku ya kazi ni zaidi ya siagi kilo moja na nusu, na hakuna mzigo wa kuni wa kupashia sufuria ile unaofika bei hiyo.

Kwa krimu walichagua kurudi kwenye kulaza. Inapashwa kwanza kupita nyuzi 80 ili kuua vijidudu, inapozwa haraka kwa maji ya chemchemi, kisha beseni linawekewa chupa za barafu kutoka friji ya duka la jirani, usiku kucha. Pipa hujazwa nusu tu, kwa sababu krimu isipopata nafasi ya kuanguka haivunjiki. Punje zikifikia ukubwa wa mchele wanasimama, wanamwaga, wanaosha kwa maji safi ya baridi. Hoteli iliarifiwa kuwa siagi itafika siku inayofuata. Mpishi wake alijibu kwamba yeye tangu mwanzo alitaka siagi ngumu, haraka haikuwa yake.

Kuhusu ndama, sikupenda kuwapa amri. Mama mmoja alisema wazi, "Huyu ndama ndiye ng'ombe wangu wa miaka miwili ijayo," na alikuwa na haki. Wakaamua kwamba mwenye kuweza amwachie ndama aamshe kiwele mwanzoni, amkamue ng'ombe hadi mwisho, kisha ampe ndama kipimo chake kwa ndoo. Asiyeweza aendelee na utaratibu wake.

Uamuzi mgumu zaidi ulikuwa malipo. Wengi walitaka kulipa kwa mafuta badala ya lita. Wazo ni la zamani. Stephen Babcock wa Wisconsin alitengeneza kipimo chake mwaka 1890 kwa lengo hilo hasa, mfugaji mwenye maziwa ya mafuta mengi asiumizwe na mwenye ya mafuta kidogo. Walichagua nyongeza ndogo kwa kila anayevuka asilimia 3.5, kwa sampuli ya kila baada ya wiki mbili.

Matokeo

Ndani ya mwezi, maziwa yaliyoenguliwa yalikuwa yanasoma 0.1 na yale ya pipani chini ya 1. Mafuta ya maziwa yaliyochanganywa yalipanda taratibu hadi 3.6 baada ya baadhi ya nyumba kukamua hadi mwisho na kurudisha mabua makavu kwenye hori. Siagi ikafika kilo 8 na nusu kwa lita 200, ngumu, inayokatika kwa kisu. Mjane alirudi.

Kisha likazuka ambalo hakuna aliyelitarajia, mimi nikiwemo. Wateja wa mtindi wakalalamika: umekuwa mwepesi, hauna ladha. Bila shaka. Kwa miezi kadhaa walikuwa wanakunywa mafuta yaliyokosewa na separeta, bila kuyalipia. Mtindi ulishuka mauzo kwa muda, na kwa wiki chache baadhi ya wanachama walitaka kengele ifungwe tena kitambaa.

Nyongeza ya mafuta nayo haikudumu. Sampuli zilichukuliwa kwa kikombe kutoka juu ya keni bila kukoroga, kwa hiyo aliyefika na maziwa yaliyotulia alipata asilimia kubwa isiyo yake. Malalamiko yakawa mengi, asidi ni kitu cha hatari kukabidhi kwa mtu asiye na mafunzo, na butiromita mbili zilivunjika. Kamati ikasimamisha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kufuata mafuta ndoo kwa ndoo. Vipimo vitatu vya asubuhi moja vilifuta tuhuma za wiki nyingi, na vilionyesha jambo ambalo hakuna mtu angelikisia: hasara haikuwa na chanzo kimoja. Ukijumlisha, mafuta kilo 2 kwa siku yalipotelea ndani ya kituo chenyewe, kwenye mashine na pipa, na pungufu lililobaki lilitoka mashambani. Kamati ilikuwa imeelekeza nguvu zote upande wenye hasara ndogo, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na watu wa kuwalaumu.

Laktomita iliwaponza kwa kutumika peke yake. Sisemi itupwe, kwa kukamata maji ni chombo cha bei nafuu na cha haraka. Ila kituo kinachotengeneza siagi kikiitegemea hiyo tu, kinampa zawadi aliyetoa malai na kumwadhibu mwenye mafuta, kama ilivyotokea hapa. Kikundi kidogo kisicho na Gerber kinaweza kuanza na jambo rahisi: kupima uzito wa siagi kila siku kwa lita zilizoingia, na kuweka maziwa yaliyoenguliwa kwenye chupa angavu usiku kucha. Mstari wa malai ukionekana juu asubuhi, separeta inavujisha.

Upande wa malipo naona kosa lilikuwa kwenye utekelezaji. Wazo ni sahihi. Kulipa kwa mafuta kunahitaji keni ikorogwe vizuri hadi chini kabla ya sampuli, mtu mmoja aliyefunzwa, na kifaa kisichotegemea bahati. Kikundi hiki kilikuwa na nia bila vyote vitatu. Ningekuwa mimi, ningeanza na sampuli ya kijiji kizima badala ya mtu mmoja mmoja, vijiji vishindane, na nyongeza igawanywe humo humo.

Mtindi ulitatuliwa na wanawake wenyewe, na vizuri kuliko ambavyo ningependekeza. Walitenga lita 60 ambazo hazipiti kwenye separeta, wakachanganya na maziwa yaliyoenguliwa hadi mtindi ukarudia uzito wake, wakaupandisha bei kidogo. Uliobaki mwepesi wanauza kwa bei ya chini kwa wafuga nguruwe na kwa wanaoupenda hivyo. Siagi imepungua kwa kiasi cha lita hizo, lakini safari hii wanajua ni kiasi gani cha mafuta kimekwenda kwenye mtindi, na mnunuzi wa mtindi anakilipia.

Lililobaki wazi hadi ninapoandika ni nyasi za masika. Nyumba chache zimeanza kukausha majani ya kiangazi na kuyahifadhi darini. Nyingi bado hazina nafasi ya kuyaweka.